Salme wa Zanzibar: Maisha ya Binti wa Sultan Kabla Ahepe na Mzungu

Ukikaa stage ya Rongo ukingoja matatu ya Homa Bay ijaze, haiwezi pita dakika kumi kabla usikie story ya dem ametoroka. Jana alikuwa anaanika omena na mathe wake kama kawaida. Leo asubuhi kitanda ni baridi, simu imezimwa, na kuna kijana fulani wa boda pia haonekani. Migori mjini ni hivyo hivyo. Wajaluo wako hata na neno lake: por. Msichana ame-por, yaani amehepa kwa mwanaume kabla ng'ombe hazijatembea, na wazee wamebaki hapo chini ya mti wakiulizana nani ataenda kuongea na akina nani.

Mara nyingi hio ngori huisha poa tu. Miezi inapita, wajumbe wanatumwa, ayie ya mathe inalipwa, machozi yanapanguzwa, kuku anachinjwa. Dem anarudi kwao akiwa na leso mpya na mtoto mgongoni, na hakuna mtu anakumbuka alikuwa amekasirika.

Sasa leo wacha niwape story ya dem mmoja wa kitambo ambaye pia alihepa usiku, lakini yeye mlango wa kwao haukufunguka tena. Hakuwa wa Kanyamwa wala Suna. Alikuwa wa Zanzibar, buda yake alikuwa Sultan, na jina lake lilikuwa Salme. Wengi wakiskia jina lake wanajua tu ile sehemu ya mzungu na meli. Ile sehemu ya mbele, akiwa bado mtoto wa kupanda minazi na kufuga majogoo wa kupigana, huwa inarukwa. Na ukiiruka, hio ingine hautaielewa.

Dala ya watu elfu moja

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 kwa jumba la Mtoni, kando ya bahari, kaskazini mwa Mji Mkongwe. Buda yake, Sayyid Said bin Sultan, alikuwa anatawala Oman na Zanzibar zote mbili, na ndiye alihamisha makao yake kutoka Muscat akaja kukaa visiwani. Ni wakati wake ndio Unguja ilijaa mikarafuu. Doo ilikuwa mob, na usisahau ilikuwa inatoka kwa jasho la nani: watumwa waliokamatwa bara wakavushwa bahari. Hio tutairudia.

Mathe yake aliitwa Jilfidan. Yeye hakuwa Mwarabu. Alikuwa Mcherkesi, mtu wa milima ya Caucasus kule mbali. Vita iliingia kwao akiwa kasichana, wazazi wakauawa, yeye na ndugu zake wakabebwa kila mmoja njia yake, na hawakuonana tena. Akauzwa, akafika kwa nyumba ya Sultan akiwa bado mdogo sana, akakua akicheza na mabinti wa Sultan wa rika lake. Baadaye akawa suria. Watoto wa suria walikuwa huru na walihesabiwa watoto wa mfalme kabisa. Jilfidan alizaa msichana mwingine lakini huyo alikufa mapema, kwa hivyo Salme ndiye alikuwa roho yake yote.

Kama unajua dala ya mzee wa Kijaluo mwenye wake wengi, piga picha hio halafu uizidishe mpaka ichoke. Pale Mtoni walikuwa wanaishi watu kama elfu moja: masuria kutoka nchi tofauti tofauti, watoto, watumwa, wapishi, walinzi. Lugha zilichanganyika. Kiarabu ndicho kilitakiwa mbele ya buda, lakini akigeuka tu, Kiswahili kinachukua uwanja, pamoja na Kiajemi, Kituruki, Kihabeshi, na zingine.

Na mikai alikuweko. Huyo ni Azze bint Sef, mke wa halali wa Sultan, mtu wa ukoo mkubwa wa Oman. Kimo alikuwa mfupi na hakuwa na mtoto hata mmoja, lakini akipita, kila mtu anasimama wima. Hata Sultan, ambaye manowari zake zilikuwa zinaogopwa baharini, kwa nyumba alikuwa anamsikiza huyo mama. Watoto walikuwa wanamuogopa kama mwalimu wa zamu.

Tausi, punda na minazi

Ua wa Mtoni ulikuwa kama zoo. Tausi, paa, mbuni, heroe, bata na kanga walikuwa wanazurura tu bila kuulizwa. Kazi ya watoto asubuhi ilikuwa kukimbizana nao na kutafuta mayai. Ukipata la mbuni unampelekea mpishi mkuu, yeye anakupoza na kitu tamu. Kulikuwa na tausi mmoja mkali. Siku moja akamrukia mmoja wa watoto, na wengine wakaungana, wakamshika, wakamng'oa manyoya ya mkia mazuri yote. Salme alikuwa kwa hio mbogi.

Masomo ya kupanda wanyama yalikuwa asubuhi na jioni. Mavijana wanapewa farasi, wasichana wanapewa wale punda weupe wakubwa wa Muscat, ambao bei yao haikuwa mchezo. Salme alipenda hio kitu sana. Alipenda chochote cha mwili kutoka jasho. Kushona na kufuma, ambayo ndio ilitarajiwa kwa binti wa maana, ilikuwa inamchosha hata kabla aanze.

Siku moja, wakiwa wamerudi Mtoni kutembea, alipanda mnazi mrefu bila ile kamba ambayo wakwezi hufunga miguuni. Alifika huko juu, akaanza kuwaita watu waliokuwa wanapita chini. Wamama walishtuka mbaya. Ukweli ni kwamba hakuna mtu angeweza kumfuata, kwa hivyo walibaki kumbembeleza na kumuahidi zawadi mpaka akakubali kushuka polepole. Msichana yeyote aliyewahi kupanda mwembe kule Mbita, akaangalia ziwa kutoka juu huku nyanya yake akimlilia chini, anaelewa hio raha ilivyo.

Buda yao alikuwa mtu wa kuogopwa lakini pia wa kupendwa. Alikuwa anachechemea kidogo kwa sababu ya risasi iliyomuingia pajani vitani akiwa kijana. Mbele ya jumba kulikuwa na roshani kubwa ya mviringo inayoangalia bahari, na hapo ndipo alikuwa anatembea huku na huku, kichwa ameinamisha, akifikiria mambo yake. Asubuhi watoto walienda kumsalimia, na alikuwa na peremende za Ufaransa za kuwagawia. Sheria ilikuwa moja: huendi mbele yake bila kuvalishwa vizuri na dhahabu zako. Kuna siku Salme alichoropoka mikononi mwa waliokuwa wanamsuka, akakimbia hivyo hivyo kutafuta peremende. Akarudishwa mbio akamalizwe kuvalishwa. Hakujaribu tena.

Bro wa majogoo na sista wa siri

Akiwa na kama miaka saba, maisha yakageuka. Bro yake wa buda mmoja, Majid, alikuwa amefika umri wa kupewa nyumba yake mjini, na Jilfidan akakubali kwenda kukaa huko pamoja na Salme. Waliingia Beit al-Watoro. Kutoka kwa ule ua mkubwa wa Mtoni, hii keja mpya ilikuwa inambana. Lakini kulikuwa na Majid.

Majid alikuwa mpole, na mwili wake haukuwa na nguvu kwa sababu ya kifafa. Alimpenda huyu kasista kama mtoto wake. Badala ya kumsukuma kwa sindano na uzi, alimfunza upanga, jambia, bunduki na bastola. Halafu akamuingiza kwa vita vya majogoo, mchezo uliokuwa umemshika Majid kabisa. Salme akapata majogoo wake mwenyewe, na mchana wote unapita wakipiganisha hao ndege. Wamama wa nyumba walikuwa wanatikisa vichwa tu. Huyu mtoto ataolewa na nani?

Baadaye yeye na mathe wakahama tena, sasa wakaenda Beit al-Tani, jumba lililokuwa karibu kabisa na Beit al-Sahel, nyumba ya Sultan ya mjini. Huko ndiko alikuwa Khole, sista yake mwingine wa buda mmoja. Khole alikuwa mrembo, na alikuwa kipenzi cha Sultan wazi wazi, kitu ambacho kilimtafutia maadui wengi ndani ya familia. Salme na Khole walishikana kama kidole na kucha.

Hapa sasa kumbuka: Majid upande mmoja, Khole upande mwingine. Wote wawili aliwapenda. Hio ndio baadaye ilimvunja.

Kitu kingine kilichotokea miaka hio kilionekana kidogo sana. Mabinti walikuwa wanaruhusiwa kusoma Qurani, lakini kuandika, zi. Iliaminika hakuna haja ya msichana kujua kuandika. Salme akaamua atajifunza. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, ule mpana, ambao watoto waliutumia kama slate, akaweka Qurani mbele yake, akaanza kuiga herufi moja moja kwa siri. Hakuwa na mtu wa kumsahihisha. Ilipojulikana, alisemwa vibaya. Akaziba masikio, akaendelea.

Mwenye alimsema pengine alisahau kesho yake. Lakini kila kitu kilichofuata kwa maisha ya Salme, kizuri na kibaya, kilipitia kwa huo mfupa.

Mizigo miwili ya kilio

Mwaka wa 1856 Sayyid Said alikuwa anarudi kutoka Oman. Jumba lote lilikuwa linapikwa, linapakwa, watoto wanahesabu siku. Tarehe 19 Oktoba alifariki akiwa bado kwa meli yake, Victoria, karibu na Shelisheli. Barghash, mmoja wa wanawe, ndiye alikuwa naye. Meli zilipokaribia, Barghash aliushusha mwili usiku kimya kimya, akauzika kabla mji ujue. Watu waliokuwa wamejitayarisha kwa sherehe wakaamkia matanga.

Sultan aliacha watoto 36 hai, wavulana 18 na wasichana 18. Thuwain akabaki na Oman, Majid akachukua Zanzibar. Salme alikuwa na miaka 12, lakini alitangazwa mtu mzima na akapewa urithi wake: shamba lenye nyumba, na pesa paundi 5,429. Kwa mtoto wa umri wa darasa la sita, hio ilikuwa utajiri wa kutosha kumaliza maisha bila kuomba mtu.

Miaka mitatu baadaye, 1859, kipindupindu kikaingia Zanzibar. Kikabeba watu bila kuchagua jumba wala kibanda, na kikambeba Jilfidan. Yule mama aliyepoteza wazazi kwa vita akiwa mtoto, sasa alimwacha bintiye yatima akiwa na miaka kama 15. Hakukuwa na ndugu wa tumbo moja. Ghafla Salme alikuwa na ndugu mob wa buda, lakini hakuna mtu wa kumuuliza asubuhi kama amekula.

Ukiwa hivyo, yeyote anayekushika mkono unamfuata. Aliyemshika alikuwa Khole.

Karani wa njama

Barghash hakuwa ametulia. Alitaka kiti cha Majid, na alijua kuongea. Khole alikuwa upande wake, na Meje, sista wa Barghash wa tumbo moja, pia. Walimtaka Salme aingie. Fikiria hio kitu: huku ni sista anayempenda kuliko wote, kule ni yule bro aliyemfunza jambia na majogoo. Alivutana na roho yake siku nyingi. Mwisho akamchagua Khole.

Na kazi ilimngoja. Wenye njama walihitaji mtu wa kuandika barua za siri, na mtu wa familia anayeweza kuaminika. Nani kwa wale mabinti alijua kuandika? Yule wa mfupa wa ngamia. Kwa hivyo dem wa miaka 15 akawa karani wa mapinduzi. Usiku anaandika barua za kuita wakubwa na kuagiza bunduki na baruti, akijua vizuri hizo risasi zitaelekezwa kwa watu wa Majid.

Njama ikavuja. Askari wa Majid wakaizingira nyumba ya Barghash ili njaa na kiu imtoe. Hapo mabinti wakapanga mpango ambao hata filamu ya leo ingeona aibu. Khole, Meje na Salme walitoka usiku na kundi la wanawake, wote wamejifunika gubigubi, wakaenda moja kwa moja mpaka kwa walinzi. Mabinti wa Sayyid Said kutembea barabarani usiku na kuongea na wanajeshi ilikuwa kitu hakijawahi kuonekana. Askari walichanganyikiwa. Nani angethubutu kuwagusa? Wakaruhusiwa kuingia wamuone ndugu yao.

Ndani, Barghash akakataa kuvaa nguo za wanawake. Kiburi. Muda unaisha, nje kuna bunduki, na yeye anafikiria heshima. Walimsihi mpaka akakubali kufunikwa, yakabaki macho tu. Wakachagua wanawake warefu wamzunguke ili kimo chake kisionekane, wakatoka polepole mbele ya walinzi kana kwamba hakuna chochote. Walipofika nje ya mji, Barghash akazitupa zile nguo, akapotea gizani.

Ilikuwa ujasiri, na ilikuwa bure. Waasi walikusanyika kwa shamba liitwalo Marseilles. Jeshi la Majid likaenda huko, Waingereza wakisaidia, wakalivunja. Watu wengi walikufa. Barghash akarudi kujificha mjini, wanamaji wa Kiingereza wakaipiga nyumba yake mpaka akajisalimisha, na akapelekwa uhamishoni Bombay.

Majid alishauriwa awaadhibu wale masista. Akakataa. Hakumfunga hata mmoja. Salme angeweza kustahimili adhabu, lakini huo msamaha ulimuuma zaidi.

Kati ya nyumba mbili

Baada ya hapo, mji ukamgeuzia mgongo. Marafiki waliacha kuja, wapelelezi wakawa karibu. Alihamia mashambani, kwanza Kizimbani, halafu akakodi nyumba kando ya bahari pale Bububu. Aliipenda. Asubuhi mawimbi, jioni wageni wachache, hakuna siasa.

Lakini alirudiana na Majid. Walisalimiana, wakasameheana, na habari ikafika kwa Khole. Khole akaona hio ni usaliti. Wale wawili waliokuwa kidole na kucha hawakuwa tena. Baadaye balozi wa Uingereza akaitaka ile nyumba ya Bububu, Majid akamuomba Salme aiachilie, naye hakuweza kumnyima bro ambaye tayari alikuwa amemkosea. Akarudi mjini, mahali watu wa Barghash walimuona msaliti na watu wa Majid hawakuwa wamemuamini kabisa.

Wengi hawajui hii sehemu. Kabla mzungu atokee, huyu msichana alikuwa tayari ameshapoteza nyumbani. Alikuwa na mashamba, dhahabu, na watu wa kumhudumia, lakini kwa meza hakuna wa kuongea naye.

Paa mbili za Mji Mkongwe

Nyumba aliyoingia ilikuwa jirani na ya Mjerumani kijana, Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg aliyezaliwa 1839. Nyumba za Mji Mkongwe zimebanana, na jioni watu hupanda juu ya paa kupunga hewa. Kutoka kwa paa lake, Salme alikuwa anaona kwa Ruete: wageni wa kizungu, meza, wanaume na wanawake wakila pamoja na kucheka. Wakaanza kusalimiana. Salamu zikakuwa urafiki, urafiki ukakuwa mapenzi, na mwaka wa 1866 Salme akapata mimba.

Hapa si kama kule kwetu ambapo wazee watakaa chini wahesabu ng'ombe. Binti wa Sultan, Mwislamu, hajaolewa, ana mimba ya Mkristo. Ilikuwa hatari ya uhai. Minong'ono ilikuwa tayari imejaa sokoni.

Mwezi wa Agosti kulikuwa na sherehe ya mwaka wa Waswahili, usiku ambao watu huteremka pwani kuoga baharini. Mabarabara yamejaa, kila mtu anaelekea majini. Salme naye aliteremka kati yao. Lakini yeye hakurudi. Mashua ilimchukua mpaka kwa manowari ya Kiingereza, HMS Highflyer, ya Kapteni Pasley, na meli ikaelekea Aden. Alikuwa anakaribia kufika miaka 22.

Huko Aden alikaa kwa familia ya Wahispania aliowajua kutoka Zanzibar. Ruete alikuwa amebaki nyuma kumaliza biashara zake. Desemba mtoto wa kiume akazaliwa. Miezi ilipita akingoja, mgeni kwa mji wa jua kali, bila mathe wa kumuonyesha jinsi ya kumbeba mwana. Ruete alifika mwaka uliofuata, na tarehe 30 Mei 1867 Salme alibatizwa, akaitwa Emily, na siku hio hio wakafunga ndoa. Wakaondoka kuelekea Hamburg. Yule mtoto hakuishi kuiona.

Maisha yake ya kabla ya ndoa yaliishia hapo. Hakuna ndugu aliyekuja, hakuna mama wa kupewa ayie, na jina alilopewa na wazazi likaachwa Aden.

Mlango uliofungwa

Ya baada ya hapo ni mafupi na machungu. Hamburg walipata watoto watatu, Antonie, Rudolph na Rosalie, kwa miaka mitatu. Agosti 1870 Heinrich akagongwa na tramu, akafa. Salme akabaki mjane, na watoto watatu wadogo, baridi, na lugha ambayo bado alikuwa anajifunza. Mwaka huo huo Majid akafa, na aliyekalia kiti cha Zanzibar ni Barghash.

Mwaka wa 1885, baada ya miaka 19, alirudi Zanzibar kwa meli ya Kijerumani. Serikali ya Bismarck ilikuwa na hesabu zake za kikoloni, na ilimtumia kama karata. Yeye alitaka urithi wake na kuonana na ndugu zake. Barghash akakataa hata kumuona. Ni yule yule aliyewahi kufunikwa nguo za wanawake na kutembezwa katikati yao, Salme akiwa mmoja wao, ndio apone. Alijaribu tena 1888, bila mafanikio.

Kilichobaki ni kalamu. 1886 kitabu chake cha kumbukumbu kilichapishwa kwa Kijerumani, na kwa sababu hio ndio leo tunajua kuhusu wale tausi, wale majogoo, na ule mfupa wa ngamia. Ni wanawake wachache sana wa Kiarabu waliokuwa wameandika maisha yao na kuyachapisha kabla yake.

Lakini tusimpake rangi nyeupe tupu. Kwa hicho kitabu aliutetea utumwa na kusema mambo mabaya juu ya Waafrika. Mwaka wa 2020 wilaya moja ya Hamburg iliondoa jina lake kwa uwanja uliokuwa umepewa jina hilo, kwa sababu ya maneno hayo. Wasichana waliomsuka, waliombebea maji, waliochuma karafuu zilizolipa zile dhahabu, wao pia walikuwa na mathe na utoto. Hakuna aliyewapa hata mfupa wa kuandikia. Jilfidan mwenyewe alikuwa mtoto aliyeuzwa, na bado binti yake hakuliona hilo vizuri. Mtu anaweza kuonewa na akaonea, kwa maisha hayo hayo.

Salme alifariki tarehe 29 Februari 1924 kule Jena, Ujerumani, akiwa na miaka 79, na akazikwa Hamburg kando ya mumewe. Kwa vitu vyake kulipatikana kifuko cha mchanga wa pwani ya Zanzibar. Alikuwa ameubeba miaka yote hio.

Kitambo huku kwetu, wasichana wa Kijaluo walikuwa wanalala kwa siwindhe, nyumba ya nyanya, na usiku anawafunza maisha kwa hadithi. Naamini nyanya wa siwindhe angeisimulia hii bila kumtukana Salme na bila kumsifu. Angewaambia wasichana tu kwamba barabara ya kuhepa huwa fupi, ya kurudi ndio ndefu, na mara nyingi si aliyehepa huamua urefu wake. Ni wale waliobaki.

Kwa hivyo ukiwa hapo Rongo na matatu bado haijajaa, na wamama wanamchambua yule dem wa jirani aliye-por wiki jana, jua kuna swali moja hawajauliza. Akitaka kurudi Jumapili kusalimia mathe, kuna mtu atamfungulia?